Fuateni Maji: Kwa Baiskeli Kutoka Usambara Hadi Pangani

Baba mkwe aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, kisha akanirudishia. Kwenye kioo ulikuwepo mstari wa buluu nilioupanga kwa majuma matatu nikiwa Dar es Salaam. Ulianzia Soni, ukapanda Lushoto hadi Mtae, ukarudi na kushuka Mombo, ukapita Korogwe na Muheza hadi Tanga mjini, kisha ukaandama pwani na kuishia Pangani. Nilikuwa nimejumlisha kilomita za kila siku na kuupima kila mwinuko.

"Njia ni nzuri," alisema. "Lakini sioni maji humu."

Akaokota kijiti cha mkaratusi, akachuchumaa, akaanza kuchora kwenye udongo mwekundu wa uani kwake.

"Haya ndiyo maji yetu, hayo mnayoyasikia yakianguka pale chini. Yanateremka Mombo, yanakutana na Mkomazi. Mkomazi unamwaga kwenye Ruvu, huo mnaouita Pangani. Ruvu unakwenda baharini. Fuateni maji, wanangu. Maji hayajapotea njia hata siku moja."

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu ambaye tulikuwa tuondoke naye alfajiri, alitoa simu yake akaupiga picha ule mchoro wa udongoni. Picha hiyo ndiyo ramani tuliyoitazama kila jioni kwa siku tisa.

Mimi ni mtoto wa tambarare. Nimezaliwa mkoani Shinyanga, ambako baiskeli si chombo cha michezo. Baba alikuwa na Phoenix nyeusi iliyobeba pamba kwenda ghalani, mama kwenda kliniki, gunia la mahindi kwenda mashineni, nami nikiwa mbele juu ya bomba, nimekalia kanga iliyokunjwa. Mjini Shinyanga nimekua nikisikia baiskeli za abiria zikiitwa daladala, na wapo watu waliosomesha watoto kwa pedeli. Kwa hiyo nilipompigia mama kumwambia nitatembea kwa baiskeli siku tisa, kutoka milimani hadi baharini, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kuna msiba?"

Sikumlaumu. Kwetu mtu hapandi baiskeli siku tisa bila sababu nzito. Swali lake nilikutana nalo tena njiani likiwa limevaa nguo nyingine. Popote tuliposimama, watu walitazama mizigo iliyofungwa kwenye karia, wakasalimu, kisha wakauliza: "Mnauza nini?"

Tulichagua mwisho wa Januari kwa sababu mbili. Ya kwanza ni upepo. Katika kiangazi hiki kaskazi ndiyo inayovuma, upepo uleule ulioleta majahazi ya Waarabu na Wahindi kwenye mwambao wetu kwa karne nyingi. Mtu anayetoka Tanga kwenda Pangani huelekea kusini, na kaskazi humsukuma mgongoni. Akiifanya safari hiyohiyo mwezi wa saba, kusi itamkabili usoni tangu asubuhi. Sababu ya pili ni matunda. Januari milima ya Lushoto huwa imejaa maplamu, na mke wangu alikwisha kunihadithia maplamu ya kwao kwa miaka kumi na miwili.

Barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mtae hupita kwanza kwenye msitu wa Magamba. Tulipoingia msituni saa moja asubuhi baridi ilitushika vidole hata nikashindwa kubana breki vizuri. Ukungu ulining'inia kwenye miti, na mbega walirukaruka juu yetu, weusi wenye mabega meupe. Shemeji alisimama akawaonesha kwa kidole, akanikumbusha kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Wakilindi naye aliitwa Mbega. Kwa mujibu wa simulizi, alikuwa mwindaji kutoka Unguu aliyefukuzwa na ndugu zake, akaingia milimani na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, akagawa nyama bila uchoyo, na watu wa Vuga wakamfanya mfalme. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliyaandika haya kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nilikisoma kitabu hicho nikiwa kwenye kiti mjini. Kukikumbuka huku ninatweta kwenye mlima aliopanda Mbega kulinifanya nielewe kwa nini ugawaji wa nyama ulitosha kumpa mtu ufalme. Katika milima hii kila kitu hubebwa kwa mgongo, na anayekuletea chakula mlangoni amekuletea pia nguvu za miguu yake.

Lukozi ilikuwa siku ya soko. Magunia ya viazi yalipangwa kama ukuta, matenga ya nyanya na maplamu yakisubiri Fuso za kwenda Dar es Salaam. Niliyatazama matenga yale kwa mshangao wa mtu aliyefika chanzoni. Viazi ninavyokula nyumbani pale Temeke, kabichi, karoti, pilipili hoho, sehemu yake kubwa hutoka hapa. Wanawake hushuka navyo kutoka mashamba ambayo mimi, kwa miguu mitupu na mikono mitupu, niliyapanda nikishika nyasi.

Juu kidogo ya Lukozi tuliweka baiskeli kando ili tupumzike. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia karoti alitukaribisha kivulini. Shamba lake lilikatwa ngazi ngazi, na ukingo wa kila ngazi umeoteshwa majani ya kulisha ng'ombe. Nilimsifu kwa matuta yake. Akacheka.

"Matuta haya, mwanangu, bibi yangu alilipa faini kwa kuyakataa."

Alikuwa akisema habari za miaka ya 1950. Serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya kulazimisha matuta milimani. Kazi ile ngumu iliwaangukia zaidi wanawake, ardhi ya kulima ikapungua, na watu waliona kuwa leo wanaambiwa wachimbe, kesho wataambiwa mashamba si yao. Walikataa, wakashitakiwa, wakaendelea kukataa, na hasira hiyo ikakipa chama cha TANU wafuasi wengi milimani. Mwaka 1957 mpango ukaachwa. Miaka mingi baadaye wataalamu walirudi, safari hii bila askari, wakaleta mbegu za majani na miche, wakakaa na wakulima.

"Bibi hakukataa udongo," alisema yule mama. "Alikataa kuamrishwa. Mimi nimejenga mwenyewe kwa sababu naona mvua ikija inaondoka na shamba langu. Linakwenda wapi?"

Shemeji akamwonesha ile picha ya mchoro. "Linakwenda Pangani, mama. Nasi tunalifuata."

Kisambaa kina maneno mawili ambayo baba mkwe aliyatumia jioni ya kwanza tukiota moto: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Zamani wafalme wa Vuga walipimwa kwa maneno hayo. Mfalme mwenye nguvu na amani aliiponya nchi, mvua ikanyesha. Wakuu walipogombana, nchi iliharibika na jua likachoma mahindi. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na Wasambaa na kujifunza lugha yao, ameeleza jinsi wakulima walivyoyatumia maneno hayo hata katika siasa za kupinga matuta. Niliyasikia kama habari za kale. Mbele ya shamba lile la karoti yalikuwa habari za siku hiyo.

Tulifika Mtae jua likielekea kuzama. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na nyuma ya nyumba za mwisho ardhi hukatika. Chini kabisa ilitandaa nyika ya Mkomazi, kahawia na kijivu, mbali hata barabara zake zikaonekana kama mikwaruzo ya kucha. Upande wa magharibi ilisimama milima ya Upare. Wasambaa huigawa dunia yao mara mbili: Shambaai, yaani mlimani kwenye ubaridi, ndizi na mvua; na nyika, kule chini kwenye joto, miiba na maradhi. Lakini wazee waliokaa ukingoni kama Mtae walilima kote kuwili. Mvua ikikosekana upande mmoja, walikula kutoka upande wa pili.

Hapa pia ndipo maji yanapoachana. Katika msitu wa Shagayu, karibu na kijiji, huanzia mto Umba, unaokimbilia mashariki hadi Vanga, mpakani mwa Kenya. Mvua inayoanguka upande mwingine wa mgongo huishia Mkomazi. Mwenyeji wetu, mzee mwenye kofia ya sufu, alituletea ugali wa moto, maharage na maziwa ya mgando, kisha akaeleza jambo hilo kwa kumimina maji kidogo juu ya ngumi yake. Yalitiririka pande mbili. "Tone moja Kenya, tone moja Pangani," alisema. "Na yote ni mvua ya wingu moja."

Siku tulipoteremka Mombo niliamka na hofu. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita thelathini na kidogo, na mtu hushuka karibu mita 1,000. Barabara hiyo, iliyoanza kuchongwa enzi za Wajerumani walioiita Lushoto Wilhelmstal, hushikilia ubavu wa mlima, mto ukiwa kulia kwako, kisha kushoto, kisha chini kabisa ambako unausikia bila kuuona. Tulipita nyumbani Soni kuaga. Mama mkwe alitufungia maplamu kwenye mfuko, akatushika vichwa akatuombea dua, kwani alisema mlima wa kushuka huua kuliko wa kupanda.

Alisema kweli. Kwetu Shinyanga breki ya baiskeli ni pambo. Unaacha kupiga pedeli, na baiskeli inasimama yenyewe. Hapa nilizibana hadi viganja vikafa ganzi. Tulisimama kila kona kubwa tukagusa rimu, zikatuchoma. Na katika kila kona hewa ilibadilika. Kwanza sweta lilikuwa zito, kisha likawa mzigo, kisha harufu ya mikaratusi ikaisha na pakaanza kunuka vumbi lililopikwa na jua. Mibuyu ikatokea. Tulipofika Mombo ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa tanuri.

Fundi baiskeli chini ya mwembe alizitazama raba zangu za breki, akatikisa kichwa. Zilikuwa zimeliwa hadi kwenye chuma. Alizibadilisha, akakaza spoku mbili, akaipaka cheni mafuta, na wakati wote huo akauliza lile swali: tunauza nini? Shemeji alimwambia tunafuata maji ya Soni hadi baharini. Fundi hakushangaa kama nilivyotarajia. Alisema baba yake alishuka na mzigo wa mboga kichwani kutoka Soni hadi hapa kituoni, kuiwahi treni. Kisha akaonesha bonde kwa bisibisi. Mto, reli na barabara vyote vimepita mahali pamoja, kwa kuwa mlima umeacha nafasi moja tu. Wajerumani walianza kujenga reli hiyo Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Ilichukua miaka kumi na minane kuyafuata maji kwenda juu.

Korogwe ndipo tulipouona mto wenyewe, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa. Tuliegemeza baiskeli, tukaukaribia. Nilijaribu kufikiri ni kiasi gani cha rangi ile kilitoka kwenye mashamba yasiyo na matuta.

Baada ya hapo nchi ilikuwa ya mkonge. Safu zake hunyooka hadi macho yanachoka, kila mche umechomoa mapanga yake angani. Mmea huu si wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika hai Kikogwe, karibu na Pangani, vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo 62 Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa katani duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifikia zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kabla kamba za plastiki hazijaliangusha soko.

Mimi mkonge niliufahamu kwa njia nyingine. Mdogo wake babu yangu aliondoka Usukuma kwenda Tanga kuwa manamba, na hakurudi. Nyumbani lilibaki jina lake na namna bibi alivyolitaja neno Tanga, kana kwamba ni shimo. Karibu na Hale tulikutana na mzee aliyestaafu, aliyeukata mkonge tangu ujana na kumalizia kazi kwenye korona, mashine ya kusaga majani. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli. Nilimtajia jina la babu yangu mdogo, nikijua ni bure. Hakulijua. Lakini aliniuliza kabila, na niliposema Msukuma, alinisalimu kwa Kisukuma, maneno matatu tu aliyofundishwa kambini na mwenzake wa kitanda cha jirani. Aliyatamka vizuri. Kwa miaka zaidi ya sitini alikuwa ameyahifadhi maneno ya watu wa kwetu, na kwangu ilikuwa kama nimepokea salamu iliyochelewa.

Muheza tulipita msimu mkubwa wa machungwa ukiwa umekwisha, ingawa wauzaji hawakukosa. Kisha ardhi ikalala, minazi ikaongezeka, na kabla ya kuona bahari niliinusa.

Kwa mtu wa Shinyanga, Tanga mjini ni kama kurudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mji ni tambarare, na baiskeli zimejaa. Katika mitaa ya Ngamiani, inayohesabiwa kwa namba kuanzia Barabara ya Kwanza, niliona jambo ambalo kijijini kwetu nilipokuwa mdogo lilikuwa nadra: akina mama wenye umri wa mama yangu, wamevaa buibui, wanaendesha baiskeli kwa utulivu, kapu la samaki mbele. Mmoja alinipita, akageuka, akanisalimu bila kupunguza mwendo. Ndipo nikajua kitu kilichonipendeza tangu Soni. Baiskeli ina mwendo wa salamu. Gari hupita kabla neno halijaisha. Mtembea kwa miguu naye huchoka kabla hajawafikia watu wengi. Juu ya baiskeli unasema shikamoo, na marahaba inakufikia ukiwa bado unaisikia.

Mchana tulikula kwa mama mmoja karibu na soko. Alituona tumelowa jasho, akasema, "Karibuni wanangu, poeni kwanza, chakula hakikimbii," na akatuletea maji ya kunawa kabla ya kutuuliza tutakula nini. Tulikula bada, ugali wa muhogo, laini na wa kuvutika, kwa mchuzi wa samaki wa nazi uliotiwa ndimu. Shemeji, aliyekulia kwenye maharage na viazi, aliongeza mara mbili. Nilitoa maplamu ya mwisho ya mama mkwe, nikampa mama yule. Aliyapokea kwa mikono miwili, akayanusa, akawagawia wateja wote waliokuwapo, kila mmoja nusu. Nikamkumbuka Mbega na nyama zake.

Kesho yake kaskazi ilitushika mgongoni kama tulivyoomba. Tuligeuka kusini, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima niliacha kupiga pedeli kwenye tambarare nikaendelea kwenda. Tulisimama Machui, mahali alipozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Alizaliwa jirani tu, Vibambani, mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani wa forodha, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyovitumikia. Tulisimama kaburini kimya, minazi ikisema kwa niaba yetu. Nilifikiri habari ya mtu huyu ambaye baba yake alikuwa Myao, kabila la mbali na bahari, naye akaja kuwa mshairi ambaye watoto wa Shinyanga, Soni na Mombasa wote wamemkuta darasani. Lugha nayo ni mto. Hupokea vijito vingi, na haiulizi kila tone limetoka wapi.

Barabara ya Pangani ilikuwa katika ujenzi. Mahali pengine lami mpya ilimeta, mahali pengine tulisukuma baiskeli kwenye vumbi hadi kifundo cha mguu. Nilijikuta nasikitika kwamba miaka michache ijayo magari yatapita hapa kwa kasi, na salamu zitapungua. Katika kijiji cha Kigombe, kwa kijana aliyekuwa akianika dagaa, nilisema jambo hilo kwa sauti. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Kaka, dada yangu alijifungulia kwenye matope hapo mbele, gari limezama. Acha ije lami." Sikuwa na la kujibu. Nilimshukuru, nami namshukuru hadi leo, kwa kunifundisha kwamba uzuri wa njia mbovu huonekana na mpita njia tu.

Kijana huyo ndiye aliyetuonesha pia bahari ya kwao kwa jicho la mwenyeji. Mbele ya pwani hii kuna vilindi wanamoishi silikanti, samaki ambao wanasayansi waliamini walitoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga wamewahi kuwanasa kwenye majarife yao, na kwa ajili yao ikaanzishwa hifadhi ya bahari. "Sisi tulimwona kama samaki mbaya, nyama yake mafuta matupu," alisema. "Wenzetu wakaja wakalia kwa furaha."

Pangani tuliingia alasiri. Mji una kimya cha mtu aliyeona mengi: magofu ya boma, milango ya kuchonga, mitaa ambayo watumwa walipitishwa kuelekea majahazini. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889, baada ya yeye kuongoza vita vya kuwapinga pwani. Kivuko kilikuwa kikienda Bweni na kurudi, na juu kidogo nguzo za daraja jipya zilikuwa zikisimama majini. Lakini mimi sikuwa na macho ya kitu kingine. Nilikuwa nautazama mto. Ulikuwa uleule wa Korogwe, umenenepa na kupunguza mwendo, ukisukumana na bahari.

Mzee mwenye shamba la minazi upande wa juu wa mji alitukuta tumekaa ukingoni. Tulimwamkia. Hakutuuliza tunauza nini. Aliuliza tumetoka wapi. Tuliposema Usambara, alikaa chini pamoja nasi.

Alichota maji kwa kiganja, akaniambia nionje. Yalikuwa ya chumvi. Alisema zamani mahali pale palichotwa maji ya kupikia, hata kiangazi. Sasa mto ukipungua nguvu, bahari hupanda, kila mwaka mbali zaidi, na minazi yake ya chini imekufa vichwa. Huko juu maji ya mto hugawanywa na wengi kabla hayajafika kwake: mashamba ya umwagiliaji, mabwawa ya umeme, miji. Yeye ni wa mwisho kwenye foleni.

"Huko kwenu mvua imenyesha?" akauliza.

Sikujua. Nikampigia baba mkwe. Alipopokea tu, kabla ya hujambo, akasema, "Mmeyakuta maji?"

"Tumeyakuta, baba. Yana chumvi."

Alinyamaza. Nikampa yule mzee simu. Walisalimiana kwa muda mrefu, kama watu waliokwisha kuonana: habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, za afya. Kisha wakaingia kwenye maneno yao. Nilimsikia mzee wa Pangani akiuliza kuhusu misitu, na baba mkwe akieleza kwa sauti kubwa, kama afanyavyo akizungumza na simu, kwamba juzi mvua imenyesha usiku kucha, na kwamba matuta yake yameshika, hakuna udongo ulioondoka.

Mzee aliutazama mto, akaitikia kwa kichwa ingawa mwenzake hakumwona.

"Ahsante, ndugu yangu," alisema. "Basi sisi tuko hapa chini, tunayasubiri."